Uji wa Udongo Hupulizwa Kwanza

Siku mtakapopewa darasa la chekechea, wanangu, kabla hamjajua majina ya watoto na kabla hamjaonyeshwa choo kiko wapi, jifunzeni jambo moja: msivuke ukuta. Mtakuta mawe madogo yamepangwa chini uwanjani, mstari huku na mstari kule, nanyi mtadhani ni mawe tu. Hiyo ni nyumba. Ina sebule, ina jikoni, ina chumba cha mtoto, na pale palipoachwa wazi bila jiwe ndipo mlangoni. Mtu mzima akipita juu ya hayo mawe kwa sababu ana haraka ya kwenda ofisini, amevunja nyumba ya watu mchana kweupe.

Mimi niliuvuka siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima, vimenibana vidole, na nilichotaka ni kufika kivulini. Mtoto mmoja alinitazama kutoka chini mpaka juu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, kwani wewe ni mwizi? Umeingia kwa ukuta."

Nimefundisha watoto wadogo hapa Kathiani tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipoanza kunisema kila nikitaka kuinuka kwenye kile kiti kidogo. Sasa nimestaafu, nina kuku wangu na maharagwe yangu. Walimu vijana hunijia wakitaka nizungumze nao juu ya mtaala. Wananichekesha, maana mtaala umebadilishwa jina mara nyingi kuliko matatu inavyobadilisha wenyewe, na mimi niliacha kuufuatilia. Ninachojua ni kucheza. Na hata huko kucheza sikuzaliwa nako. Nilikujifunza ukubwani, nikiwa tayari naitwa mwalimu.

Mtanielewa nikiwaambia kuhusu baba yangu. Alikuwa mkata mawe kwenye machimbo ya kule Lukenya, na alikuwa fundi kwelikweli. Watu walisema jiwe lililotoka mkononi mwake halimsumbui mjenzi. Wiki nzima alikaa huko machimboni, kisha Jumamosi alasiri akarudi nyumbani, na kati ya steji na kwetu palikuwa na mahali pa kaluvu, ile pombe yetu ya Kikamba. Siku mbaya zaidi palikuwa na chang'aa. Sitawasimulia yote yaliyofuata. Itoshe kusema kwamba baba hakubisha mlango, aliupiga teke, na kwamba sufuria zetu zilijua njia ya kwenda nje bila kuonyeshwa.

Kilichonipata mimi ni sikio. Jumamosi wenzangu walicheza kati, ule mchezo ambao wawili wanarusha mpira wa makaratasi na mmoja yuko katikati anaukwepa. Mimi nikiwekwa katikati nilipigwa mpira wa kwanza tu, kwa sababu macho yalikuwa mchezoni na masikio yalikuwa barabarani. Nilizijua hatua za baba. Akija na hatua za haraka, amekunywa kidogo na ana hasira. Akija akiburuta mguu wa kushoto, amekunywa sana na atalala upesi. Akija akiimba, tafuta pa kujificha. Baada ya muda niliacha kucheza kabisa, nikawa mtoto wa kusifiwa na majirani. Ndunge ametulia, Ndunge ni kama mtu mzima. Wanangu, mkisikia mtoto mdogo anasifiwa kwamba ni kama mtu mzima, mhurumieni.

Nilipokuwa mtu mzima kweli nikajenga kwangu, nikaweka mlango wa chuma wenye komeo mbili. Baba hakuwahi kuvuka kizingiti hicho. Hata alipoacha pombe, na aliacha, uzeeni, kimya kimya bila kusimama kanisani kutangaza, nilikuwa nikienda kumwona kwa kaka yangu Musyoka huko Katelembo alikokaa. Nilimpelekea chakula, nikamsalimu kwa heshima zote, nikarudi kwangu na kufunga komeo zote mbili. Haikuwa chuki. Lilikuwa lile sikio. Hakuna aliyeliambia kwamba mzee ameacha. Alikohoa tu upande wa pili wa nyumba na mgongo wangu ukakauka. Mwenye kovu usidhani kapoa, ndivyo tunavyoambiwa, na mimi nilitaka kupoa. Nilitaka siku moja baba yangu atembee kuja nilipo na mimi nisisikilize. Hilo ndilo nililolitafuta miaka yote hiyo, ingawa mwanzoni nilidhani natafuta kazi tu.

Kazi nilipewa na Mwalimu Priska. Alikuwa mama mnene wa maneno machache, akifundisha nasari kwenye chumba cha mabati nyuma ya kanisa. Sote tulimwita Mwaitu, yaani mama, na hata wazee waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo bila kuona haya.

Nilimjia na ratiba. Nilikuwa nimeandika saa ya kucheza, nikajinunulia na filimbi. Filimbi ikilia, watoto wanacheza. Ikilia tena, wanaacha na kupanga mstari. Mwaitu Priska alinitazama siku mbili tatu, kisha akaniita kando.

"Ndunge," akasema, "hawa ni watoto ama ni askari?"

"Ni watoto, Mwaitu."

"Basi hiyo filimbi peleka kwa askari."

Vitu vya kuchezea tulikuwa navyo vizuri sana, kabatini. Wageni walikuwa wameleta wanasesere wa plastiki wenye nywele za kuchana, na kamati ya shule ikaamua wafungiwe wasiharibike. Walitolewa wageni wakija, wakapanguswa, wakarudishwa. Kulikuwa na mmoja aliyelala ndani ya sanduku lake lenye kioo mbele, na mtoto mmoja aliwahi kuniuliza, akiwa na huzuni ya kweli, yule mtoto alikufa lini. Kwa hiyo watoto wetu walicheza na magunzi ya mahindi. Gunzi unalifunga kitambaa, unalipachika nywele za hindi kichwani, unalibeba mgongoni kwa leso, na halilii ovyo. Hamtapata mwanasesere bora kuliko huyo katika duka lolote la Machakos.

Siku moja Mwaitu Priska aliniketisha kwenye jiwe jikoni mwa ile nyumba isiyokuwa na kuta za kuonekana. Msichana mmoja akaniletea kifuniko cha chupa kilichojaa matope, amekishika kwa mikono miwili. Nikakipeleka mdomoni, nikajifanya nakunywa, nikasema ni tamu. Nilidhani nimefanya vizuri. Watoto wote waliacha walichokuwa wakifanya wakanikazia macho.

"Mwalimu, umeungua," yule msichana akasema. "Hiyo uji imetoka kwa moto saa hii."

Mwaitu Priska alicheka mpaka akashika kiuno. Alipomaliza akaniambia maneno ambayo mngeyaandika ukutani kama ningekuwa na ukuta wa kuwapa. "Uji wa udongo hupulizwa kwanza, Ndunge. Usipopuliza, unawaambia kwamba ni udongo."

Niliyashika maneno hayo kichwani. Moyoni hayakufika mpaka alipokuja Kioko.

Kioko alikuwa mtoto mfupi mwenye sauti ya mwuza mitumba. Katika mchezo wao wa baba na mama, ule wanaouita kalongolongo, kila siku yeye alikuwa baba, na alikuwa baba wa kawaida: anakwenda kazini, anarudi, anauliza watoto kama wamekula. Kisha Jumatatu moja akaokota kopo tupu, akalikinga mdomoni, na kuanza kuyumba. Aliyumba vizuri mno. Akaingia nyumbani, akapiga teke vyungu vya udongo, akauliza kwa sauti nzito, "Chakula iko wapi?" Wenzake wakatawanyika wakipiga kelele na kucheka, kisha wakarudi ili atawanye tena.

Mimi nilivuka ukuta kwa mara ya pili maishani. Nilimnyang'anya lile kopo nikamwambia kwamba hapa hatuchezi hivyo, kwamba ule si mchezo. Kioko hakulia. Alienda akaketi, akakunja mikono, na wiki ile yote alikuwa mtoto mwema. Hakupiga kelele, hakusukuma mtu, alijibu alipoulizwa. Nilijipongeza. Nikamwendea Mwaitu Priska kujisifu.

"Umeona vile Kioko ametulia?"

"Nimeona," akasema. Alikuwa akichagua maharagwe ya chakula cha watoto na hakuinua kichwa. "Ametulia kama wewe."

Aliendelea kuchagua, akatupa punje mbovu moja, kisha nyingine.

"Huyo mtoto amebeba mzigo kutoka nyumbani," akasema mwishowe. "Akautua hapa kwetu, akitaka tumsaidie kuufungua. Wewe ukamwambia ajitwike tena."

"Lakini Mwaitu, anaiga ulevi."

"Anaiga mlango. Kila Jumamosi kuna mtu anaingia kwa huo mlango, na yeye hajui afanye nini. Hapa anaweza kujaribu. Mrudishie kopo yake."

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu Jumamosi zangu. Lakini Kathiani ni Kathiani, na habari za nyumba ya mlevi hutembea zenyewe.

Kesho yake nilimrudishia Kioko kopo. Alilitazama kwa muda, akaligeuza, akachungulia ndani. Halafu akanirudishia mimi.

"Leo mimi ni mama," akasema. "Wewe ndio baba. Umelewa."

Nilimtafuta Mwaitu Priska kwa macho, naye alikuwa na maharagwe yake, kana kwamba hakuna shule inayoendelea. Ningeweza kukataa; mwalimu ana njia elfu za kukataa. Lakini mtoto akikupa nafasi katika mchezo wake, amekukaribisha kwake, na mimi nilikwisha kuitwa mwizi mara moja.

Nikarudi nyuma mpaka kwenye tangi la maji, nikaanza kutembea. Sikuhitaji mazoezi. Miguu yangu ilikuwa na somo hilo tangu utotoni. Niliburuta wa kushoto, nikasimama, nikakohoa, nikatema mate pembeni, nikaendelea. Watoto waliokuwa wakicheka waliacha. Nilipofika kwenye mawe niliinua mguu nipite juu, kama ambavyo baba yangu angefanya, na Kioko akatokea mlangoni. Alikuwa amejifunga leso kiunoni na gunzi mgongoni. Mikono yote miwili ilikuwa mbele, kunizuia.

"Simama hapo. Hapa hakuna kuingia kwa ukuta. Sema hodi."

"Hodi," nikasema.

"Hiyo si hodi. Sema ya mtu mzuri."

"Hodi."

Akafikiria. "Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Basi kaa hapo kwa mawe mpaka ikuishe. Chakula yako tumefunika."

Nikakaa. Ukuta ule haukunifika kifundo cha mguu, na sikuweza kuingia. Maisha yangu yote nilikuwa upande wa ndani wa mlango, nikisikiliza. Sikuwahi kufikiri kuna upande wa nje, na kwamba mtu aliyeko huko anatembea kuelekea nyumba ambayo watu wote wamenyamaza kwa ajili yake. Msinielewe vibaya, sikumsamehe baba pale kwenye jiwe. Mambo hayaendi hivyo, na anayewaambia yanaenda hivyo anataka kuwauzia kitu. Ila niliona kwamba mlango unaweza kuwa na amri, na amri hiyo inaweza kuwa ya mtoto. Kwetu hakuna aliyenionyesha hivyo.

Baada ya muda Kioko alitoka nje, akaninusa mdomo kwa makini kama daktari.

"Imekuisha?"

"Imeniisha."

"Haya. Ingia. Kwa mlango."

Nikaingia kwa mlango, nikapewa chakula changu kilichofunikwa kwa jani la mparachichi, na nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha nililia huku bado nacheka, na watoto walicheka kwa sababu hawakuwahi kumwona mwalimu katika hali ile. Mwaitu Priska alinyanyuka akaenda kuweka maharagwe motoni. Hatukuzungumza juu ya jambo lile siku hiyo wala siku nyingine, lakini jioni alinifungia parachichi mbili za kwenda nazo nyumbani.

Kioko alirudia mchezo ule kwa majuma mengi. Kila siku mlevi alikaa kwenye mawe mpaka ikamwisha. Kisha asubuhi moja baba wa kalongolongo akawa kondakta, halafu akawa daktari wa ng'ombe, na kopo likatumika kuchotea maji. Mlevi alitoka mchezoni bila kuaga. Lakini sheria ya hodi ilibaki. Watoto waliofuata waliikuta, wakaishika, wakawafundisha waliowafuata wao, na hakuna aliyejua imeanzia wapi.

Niwape na tahadhari, maana najua vijana mkipenda kitu mnakitwika mizigo yote. Mchezo haumtoi mlevi nyumbani. Mwaitu Priska alikwenda kwa kina Kioko zaidi ya mara moja, akakaa na mama yake, akazungumza na baba yake siku ambayo hakuwa amekunywa. Na mkiona mtoto ana alama za kipigo, hilo halingojei kopo wala udongo. Mwende kwa watu wa idara ya watoto siku hiyo hiyo, hata kama baba yake ndiye mwenyekiti wa kamati.

Kioko sasa ni mtu mzima, anachomelea mageti mjini Machakos. Nikipita karakana yake anazima mashine, anavua miwani yake myeusi, anasimama mlangoni na kukinga mikono. "Mwalimu, sema hodi." Wateja wake wanatushangaa. Nilimwuliza kama anakumbuka kopo, akasema kopo halikumbuki. Anakumbuka mwalimu mmoja aliyekuwa analia akicheka.

Kwangu mimi haikuwa dawa ya siku moja. Nilicheza kila siku ya kazi, miaka na miaka. Nilikuwa mgonjwa, nikawa ng'ombe, nikawa bibi harusi mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa kanisani. Nikajifunza kukwepa mpira katika mchezo wa kati, na kuna mwaka ambao hakuna mtoto aliyeweza kunipiga. Wazazi wengine walinilalamikia. Mmoja alifika kuniuliza kwa nini analipa karo na mtoto anarudi na matope. Nilimkaribisha aketi, watoto wakampa chai ya udongo, akanywa bila kupuliza. Walimhurumia sana, wakamtafutia maji ya kupoza ulimi. Na polepole sikio langu likaanza kusinzia. Jumamosi moja niliamka alasiri nikagundua kwamba nilikuwa nimelala, mchana, mlango ukiwa wazi. Lakini kwa baba bado lilikuwa macho. Tulipigiana simu kila Jumapili tukaongea mvua na ng'ombe, na hata kwenye simu nilikuwa nikisikiliza kwanza sauti yake iko vipi, ndipo nisikie anachosema.

Sasa sikilizeni la muhula wangu wa mwisho.

Shule ilikuwa inajenga darasa jipya. Mafundi walihitaji kokoto, wakaona mawe yamelala bure uwanjani, wakayapiga nyundo yote. Siwalaumu, hakuna aliyewaambia ni nyumba. Jumatatu watoto walikuta patupu. Walisimama pale bila kujua wafanye nini. Halafu Mumbua, msichana aliyekuwa mkubwa wao kwa maneno ingawa si kwa kimo, akaenda mpaka palipokuwa na mlango, akapita hapo hapo, akaketi chini jikoni. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyepita palipokuwa na ukuta.

Jumapili iliyofuata nilipomaliza mvua na ng'ombe nilikosa la kumwambia baba, nikamwambia hilo.

"Hiyo nyumba ilikuwa kubwa aje?" akauliza.

"Vyumba vitatu, Baba. Ni ya watoto tu."

"Mlango unaangalia wapi?"

"Kwa tangi ya maji."

"Sawa," akasema, akakata simu.

Alhamisi asubuhi bodaboda iliingia uwanjani. Nyuma alikaa baba yangu, na kofia yake, na fimbo yake, na mbele ya dereva gunia limelazwa kwenye tangi la mafuta. Hakuwahi kufika kazini kwangu. Alishuka kwa shida, akasalimia, akamwambia dereva aliweke gunia chini polepole. Akalifungua. Yalikuwa mawe, kila moja kama kipande cha sabuni ya kufulia, yamekatwa pande zote, na hakuna hata pembe moja iliyokuwa kali.

"Nimezilainisha," akasema, akiwa anayatazama mawe wala si mimi. "Zisikate watoto vidole."

Nilimfikiria huko Katelembo siku zote zile tangu Jumapili, ameketi na nyundo na patasi, anasugua pembe za mawe ya nyumba ya kuchezea. Nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu pale sikuweza kusema. Nilimwambia tu kwamba ni mazuri, nikaita watoto.

Walijenga pamoja. Walimwita Umau, yaani babu, na walimtuma huku na huku bila huruma. Aligombana na Mumbua juu ya jikoni.

"Jikoni haikai karibu na mlango," baba akasema. "Moshi itapita wapi?"

"Umau, hii nyumba haina paa," Mumbua akamjibu. "Moshi inaenda tu juu."

Baba alilifikiria jibu hilo kama fundi, akakubali ameshindwa. Wakaweka jiwe la mwisho, wakaacha nafasi ya mlango ikiangalia tangi. Watoto wakaingia kwao mara moja, kila mtu na kazi yake. Mimi siku hiyo niliambiwa kwamba ni mama, na mama ana kazi nyingi. Kulikuwa na mtoto mgonjwa wa kubebwa. Kulikuwa na uji ulioungua ukapikwa upya, na mvulana aliyekataa kunywa wake kwa sababu ulikuwa wa moto, ikabidi nikishike kifuniko nimpulizie mimi. Nikapuliza. Akaonja, akasema bado. Nikapuliza tena.

"Kuna mtu kwa mlango," Mumbua akasema.

Nikainua kichwa. Baba yangu alikuwa amesimama kwenye ile nafasi, amevua kofia. Alikuwa ameuzunguka ukuta wote juu ya zile kokoto za mafundi, kwa fimbo yake na ule mguu wa kushoto ambao sasa anauburuta kwa uzee, na mimi sikuwa nimemsikia akija.

Sikumsikia, wanangu. Nilikuwa napuliza uji.

"Sema hodi," Mumbua akamwambia.

"Hodi," baba akasema.

"Sema ya mtu mzuri."

Baba aliikunja kofia mikononi. "Hodi, wenye nyumba."

Watoto wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi mama, na amri ya mlango ni ya mwenye nyumba. Kule kwangu nilikuwa na mlango wa chuma na komeo mbili. Hapa palikuwa na nafasi ya upana wa mtoto, na mzee anangoja, na ilikuwa wazi kwamba nikisema hapana atavaa kofia yake na kurudi Katelembo bila neno.

"Karibu, Baba," nikasema. "Pita mlangoni."

Akapita. Aliinama alipokuwa anaingia, kana kwamba juu yake kuna boriti la kugonga kichwa. Mumbua akampa jiwe la kukalia, akamletea kifuniko cha chupa kilichojaa matope, amekishika kwa mikono miwili. Niliinama nimnong'oneze baba ile sheria, nisije nikaona aibu kwa ajili yake mbele za watoto. Nilichelewa. Alikuwa ameshakipokea, naye kwa mikono miwili, amekileta karibu na midomo, na anapuliza.